Kuzunguka Ghuba na Baba Mkwe

Jumapili, 3 Agosti. Manyatta, Kisumu.

Debra amenipa daftari la kurasa tisini na sita na kalamu mbili. Anataka niandike kila kitu baba yake atakachokula katika hizi wiki mbili, asubuhi, mchana na jioni, na kama amemeza dawa zake za sukari. Nikamwambia mimi ni fundi wa baiskeli, si karani. Akasema si unajua kuandika, basi andika.

Daftari likiokotwa barabarani, mwenyewe ni Joram Wandera, kibanda changu kiko Mamboleo. Mwenye safari ni baba mkwe wangu, Mzee Oduor wa Seme, miaka sitini na minane, amefiwa na mke, ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Ameamua kuzunguka ghuba yote kwa baiskeli. Anataka kupita Ahero, aende Kendu Bay kwa binti yake Perez, kisha Homa Bay na Mbita, avuke kwa feri, atokee Usenge kwa Dorca, kifungua mimba wake, aliyejenga nyumba ambayo mzee hajaiona. Halafu arudi kwake Seme. Debra alimwambia basi zipo. Akajibu kwamba basi halimpi mtu nafasi ya kusalimia.

Debra alitaka aende naye mwenyewe, aache sare za shule anazoshona. Mzee akakataa. Akapewa Calvince, mtoto wa ndugu yake, kijana mwenye nguvu na asiye na kazi. Akakataa. "Nipatie fundi," alisema. Tangu juzi najaribu kukumbuka nilimkosea nini.

Jumatatu, 4 Agosti. Ahero.

Asubuhi uji bila sukari. Mchana ugali, mboga na samaki nusu. Jioni ugali tena. Dawa amemeza.

Kilomita ishirini na tano, tumetumia saa saba. Kila tukipita mtu aliyeketi, mzee anafunga breki. Anauliza wewe ni wa nani, mama yako alitoka wapi, fulani bado yuko, alikufa lini, alizikwa wapi. Kufika hapa alikuwa amesalimia watu kumi na tisa, na mmoja wao alikuwa mgeni kutoka Kitale aliyetuuliza njia. Yule naye aliulizwa mama yake alitoka wapi.

Amevaa suruali ya suti na viatu vyeusi vya kanisani, na soksi nzito, katika jua hili. Cha kulia amekifunga kwa ukanda wa tyubu. Nikamwambia, "Baba, hivi viatu vitakuchoma. Niko na malapa kwa begi."

"Mimi siendi kuona watoto yangu na malapa," akasema. Mazungumzo yakaishia hapo.

Angekuwa mteja ningeshampa ukweli wake. Lakini huyu ni baba mkwe. Kwetu Samia na kwao Seme sheria ni ile ile. Mkwe hampandishii sauti, halali naye chumba kimoja, wala hamwangalii akiwa hajavaa. Akianza tu kulegeza mkanda, lazima nipate kitu cha kutazama upande mwingine. Siku kumi na nne za kutazama upande mwingine.

Jumanne, 5 Agosti.

Chapati mbili. Alisema moja.

Alhamisi, 7 Agosti. Kendu Bay, mwisho wa mji.

Jana tulikwama Katito siku nzima kwa sababu alikutana na mtu waliyefanya kazi pamoja zamani, kubeba abiria kwa baiskeli pale Kisumu kabla pikipiki hazijaja. Walikaa kwenye benchi wakabishana nani alikuwa na mwendo. Mimi nilikaa na baiskeli mbili juani. Mandazi mawili, na chai ambayo nina hakika ilikuwa na sukari maana kikombe kilifunikwa na mkono nilipotazama.

Leo, kabla hatujafika hapa, niliona anakanyaga kwa mguu wa kushoto tu. Wa kulia umewekwa juu ya pedali, unazungushwa kama abiria. Nikasema pedali imekufa. Nikaifungua kando ya barabara, nikatoa gololi zote, nikapaka grisi, nikaifunga. Ilikuwa nzima. Mzee alikaa kwenye jiwe akinitazama nikifanya kazi.

Ijumaa, 8 Agosti. Kendu Bay.

Tumeshinda kwa Perez. Ni mkubwa wa Debra, ana nyumba safi, ng'ombe watatu na mume asiyesema sana. Alichinja kuku. Mzee alikula paja, ugali kidogo, akaongeza ugali, akaongeza supu. Dawa amemeza.

Perez alileta beseni ya maji ya moto na kitambaa. "Baba, leta miguu nikuoshee. Umekanyaga kutoka Kisumu."

"Nimeoga asubuhi."

"Si kuoga. Ni miguu tu."

"Perez, nimesema nimeoga."

Perez akanitazama. Mimi nikatazama ng'ombe. Nilidhani mzee anaona haya kuoshwa miguu mbele ya mkwe, na kwa kweli nikamheshimu kwa hilo.

Saa kumi na moja, nyama bado iko kwenye sufuria, akasimama akachukua kofia.

"Baba, kitanda iko," Perez akasema. "Nimetandika na shuka mpya."

"Wewe umeolewa. Nilianza lini kulala kwa binti ameolewa?"

"Siku hizi watu wanalala."

"Watu gani?"

Perez akataja mchungaji mmoja wa hapa ambaye hulala kwa binti yake kila mwezi. Mzee akasema, "Na unaona vile kanisa yake iko."

Kwa hivyo tukaacha kitanda chenye shuka mpya, tukaendesha kilomita nne kurudi gesti ile ile ya jana, ambayo leo ilikuwa na chumba kimoja tu. Chumba akapewa yeye. Mimi niko stoo na magunia ya omena, dagaa wa ziwa. Mtu ana mabinti watatu wenye nyumba, analala gesti. Mtu ana shemeji mwenye vitanda vitano, analala na omena. Naandika hili ili Debra ajue.

Perez alitupatia samaki wawili wa mbuta waliokaushwa, amewafunga kwa gazeti, nimewatia kwenye begi langu.

Jumapili, 10 Agosti. Homa Bay.

Tulienda kanisani. Nyimbo zote watu walisimama. Mzee Oduor, ambaye arusini kwangu alimfokea mpiga picha kwa kukaa wakati wa maombi, alikaa kwenye kiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja akaniuliza kama baba yangu ni mgonjwa. Nikasema amechoka. Niliona aibu.

Hakuna chakula cha maana cha kuandika. Uji. Ndizi. Anasema hana njaa.

Jumatatu, 11 Agosti.

Mvua. Samaki wananuka.

Jumanne, 12 Agosti. Njiani kwenda Mbita.

Jua tangu saa mbili, upepo wa ziwa unatupiga usoni, mlima baada ya mlima. Nikafungua pedali ya kulia mara ya pili. Nikabadilisha gololi. Nikakaza mkono wa pedali. Baiskeli ile sasa ni nzima kuliko siku iliyotoka kiwandani, na bado anaendesha kwa mguu mmoja. Nilimwambia kwa adabu yote niliyobaki nayo kwamba pengine tatizo ni jinsi anavyokaa. Akasema, "Nilikuwa napanda ndiga kabla mama yako hajakuzaa." Nikasema ndiyo, Baba.

Nimewaza leo, kwa mara ya kwanza, kumwacha kwenye kituo cha basi na kurudi kwangu Mamboleo. Nimewaza vizuri, hadi maneno ambayo ningemwambia Debra.

Harufu ya wale mbuta inanifuata kutwa nzima. Ikija nyuma yangu nageuka, namkuta mzee tu.

Jumatano, 13 Agosti. Mbita.

Amekunywa chai rangi na mkate kipande kimoja. Dawa amemeza, mbele yangu.

Jioni alitaka kuoga ziwani, mahali pasipo na watu. Kazi yangu ikawa kusimama mbali, mgongo nikiugeuzia maji, na kuwafukuza watoto. Nikasimama hivyo karibu saa nzima. Nikaanza kuogopa amezama. Sikuweza kugeuka, kwa hivyo nikaita, "Baba, uko?" Akaitika, "Niko." Baada ya dakika kumi nikaita tena. Hivyo hivyo hadi miguu ikaniuma mimi. Alipotoka alikuwa amevaa kila kitu, viatu na soksi, na soksi zilikuwa zimelowa maji. Mtu gani anaoga na soksi.

Nimetupa wale mbuta. Perez anisamehe, alinipa kwa roho safi, lakini ile harufu ilikuwa imenishinda. Niliwapa paka wawili nyuma ya hoteli. Paka walikula bila shida yoyote.

Nimefua begi kwa Omo. Bado linanuka.

Alhamisi, 14 Agosti. Luanda Kotieno.

Feri. Tuliketi juu ya vyuma vya ukingoni, baiskeli zetu zimefungwa pamoja kwa kamba. Hakusalimia mtu hata mmoja. Nilitarajia nifurahi, lakini niliona kama kuna kitu kimepungua.

Katikati ya maji akaniuliza, "Debra anakupikia vizuri?"

"Vizuri sana, Baba."

"Mimi nilikuwa nataka daktari kwa Debra. Nilikuwa nimemuona mmoja, kijana ya huko Maseno. Halafu ukakuja wewe na spana."

Nikakaza upya kamba ya baiskeli.

"Sijasema ni mbaya," akasema. "Hiyo daktari siku hizi ako na tumbo kubwa. Hawezi panda hata mlima moja."

Nilikasirika na nikafurahi kwa wakati mmoja, na hasira ya kufurahishwa na mzee huyu ilikuwa mbaya kuliko ile nyingine. Miaka tisa nimekuwa mkwe wake na hili ndilo neno zuri la kwanza. Hata hivyo nimeliandika.

Ijumaa, 15 Agosti. Ndori.

Hakula mchana. Hakula jioni. Nikajiambia angalau sukari itashuka.

Nimefungua pedali mara ya tatu.

Jumamosi, 16 Agosti. Bondo.

Tumesukuma baiskeli zaidi ya kupanda. Anatoka jasho na anasema anasikia baridi. Nilimpigia Debra nikamwambia baba yako amechoka, nimpandishe basi. Akaomba azungumze naye. Mzee akachukua simu, akanyoosha sauti kama mtangazaji, akasema, "Mimi niko sawa kabisa, huyu fundi ndiye analia." Wakacheka wote wawili.

Kesho Usenge. Kesho kutwa nitakuwa mtu huru.

Jumatatu, 18 Agosti. Kisumu, hospitali, kwenye benchi.

Jana sikuandika. Naandika yote sasa kwa sababu Debra anakuja na atataka daftari.

Tulifika kwa Dorca saa nane mchana. Mita kama mia moja kabla ya geti mzee alisimama, akafuta viatu kwa kitambaa, akaniambia nikae nyuma. Akapanda. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, mgongo umenyooka, akaingia kwenye boma la binti yake akiendesha. Dorca alitoka mbio jikoni, akapiga kigelegele, majirani wakaja. Mzee akazungushwa nyumba yote. Akagonga kuta kwa kidole, akahesabu madirisha, akauliza nani alipiga plasta. Alikaa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni akasema, "Dorca, hii ni nyumba." Nilimwona ameridhika. Sikuwa nimemwona hivyo hata siku moja.

Hakugusa chakula. Saa kumi na moja, kama kawaida yake, akasimama ili twende gesti. Nilikuwa tayari nimechukua baiskeli yangu, nimeshazoea. Alifika getini, akainua mguu apande, akaanguka na baiskeli juu yake.

Alikuwa wa moto. Meno yanagongana. Dorca akapiga kelele tumwingize ndani, mumewe akamshika mabega, mzee akashika nguzo ya geti kwa mikono miwili. "Ok abi nindo ka," akasema. Sitalala hapa. Akairudia na akairudia. Mtu anatetemeka kama mwenye malaria na bado anabishana kuhusu mahali pa kulala.

Mume wa Dorca akakimbia kwa jirani mwenye gari. Dorca akakimbilia maji. Tukabaki wawili pale chini, na ile harufu ikawa pale pale, na begi langu lilikuwa ndani ya nyumba.

Nilielewa kabla sijagusa kitu. Nikakata ukanda wa tyubu kwa kisu changu. Mzee akasema, "Wandera, wacha." Hajawahi kuniita jina langu. Nikavua kiatu. Soksi ilikuwa imeshikamana, nikaikata pia. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda hadi karibu na kifundo, na chini ya unyayo kulikuwa na shimo lililojazwa pamba. Nilitazama. Sikugeuka upande.

"Funika," akasema. "Dorca asione."

"Hii ni ya lini?"

"Julai."

"Daktari amekuambia nini?"

"Alisema tukate vidole viwili. Akasema nikingoja, ni mguu."

"Na ukangoja."

"Ningekatwa ningekaa kitandani mpaka Desemba. Dorca ameniita hii nyumba mwaka mbili. Nilitaka kuingia na mguu yangu."

Hapo nikamuuliza swali ambalo nimejiuliza tangu Manyatta. Kwa nini mimi, na Calvince yuko, na mabinti wapo.

Alinitazama moja kwa moja. "Perez angevua mimi kiatu siku ya kwanza. Calvince angeambia kila mtu. Wewe ni mkwe. Nilijua wewe utaangalia upande ingine."

Niliyomwambia baba mkwe wangu pale getini siwezi kuyaandika kwenye daftari ambalo binti yake atalisoma. Nilipandisha sauti. Nilimwita mjinga, na hilo ndilo dogo. Nilimwambia amenifanya mimi kiatu cha pili cha kuficha mguu wake. Dorca alirudi na maji akasimama, hajawahi kuona mkwe akimfokea baba yake, halafu akaona mguu akaelewa.

Mzee alisikiliza yote. Nilipomaliza akasema, "Sasa nibebe, kama gari imefika."

Nikambeba. Ni mwepesi, sikujua. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu, na Dorca akakaa mbele akilia. Gari lilipotoka tu getini akalala usingizi. Hakulala kwa binti yake. Alipata alichotaka hata hapo.

Jumanne, 19 Agosti.

Wameukata leo asubuhi, chini ya goti. Daktari anasema siku mbili zaidi na tungekuwa tunazungumza mengine. Sukari bado iko juu. Hajaamka sawasawa. Wanasema tungoje tuone kama damu imeshika sumu.

Debra alisoma daftari lote kwenye benchi, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimekaa kando yake. Alipofika mwisho akalifunga akaliweka kwenye mapaja yangu.

"Umefungua pedali mara tatu," akasema. "Kiatu hata mara moja."

Nikamwambia sheria. Nikamwambia mimi ni mkwe, ningeanzaje. Akasema anajua sheria, yeye pia amelelewa nayo. Akaondoka akasimama dirishani. Nilitaka aniambie kwamba si kosa langu, na hakusema. Mimi pia nisingemwambia mtu hivyo.

Jumatano, 20 Agosti.

Homa. Debra hasemi nami. Tunapeana zamu kwa ishara.

Alhamisi, 21 Agosti.

Homa imeshuka kidogo. Amekunywa uji, nusu kikombe. Nimekosa la kufanya, nikaandika.

Baiskeli zimefika kutoka Usenge juu ya basi. Nimeziegemeza kwenye ukuta wa hospitali, askari ananiuliza kila saa ni za nani.

Ijumaa, 22 Agosti.

Mzee ameamka kabisa, na ameamka vile alivyo. Amelalamikia shuka. Amelalamikia chai. Amemuuliza muuguzi mama yake alitoka wapi. Halafu akauliza mguu wake uko wapi.

Muuguzi akaeleza kwa upole kwamba uko mahali pa kuhifadhi, na kwamba familia inaweza kuuchukua ikazike au kutia sahihi hospitali ishughulike. Mzee akasema hakuna mtu wa kutia sahihi. Uende nyumbani Seme. Yeye hatazikwa vipande viwili, kimoja Seme na kingine hajui wapi, halafu siku wafu watakapoitwa aanze kuulizia mguu Kisumu.

"Nani atapeleka?" Perez akauliza. Alikuwa amekuja asubuhi.

Calvince, kwa simu, alisema atachimba lakini hatabeba. Mwenye pikipiki tunayemjua alikubali hadi alipoambiwa mzigo ni nini. Mwenye gari naye vivyo hivyo.

"Fundi," mzee akasema. "Tumia ndiga yangu. Karia yake ni pana."

Nilitoka nje nikatembea hadi barabarani na kurudi. Nimetukana kimoyomoyo kwa Kisamia, Kiswahili na Kijaluo. Mtu huyu alinichagua nisiuone mguu wake, sasa amenichagua niuzike. Nilirudi nikamwambia ndiyo, Baba. Debra alikuwa mlangoni. Nilipopita alinishika mkono, akaushikilia kidogo, akauachilia.

Jumamosi, 23 Agosti. Seme.

Yule bwana wa kuhifadhi alifunua kidogo akaniuliza kama ni wenyewe. Nikatazama. Nikasema ndiyo, ni wa baba. Akaufunga upya, akautia kwenye katoni, nikaifunga katoni kwenye karia kwa mipira ya tyubu.

Otonglo ni siku ya soko, njia imejaa. Mama mmoja wa nyanya akaniita, "Fundi, unauza nini hapo? Ni samaki?"

"Ni mguu ya baba mkwe."

Akacheka sana. Akawaambia wenzake. Wakacheka wote, mmoja akanirushia nyanya ya bure. Nikaendelea.

Baada ya Kisian nilikata kushoto, na barabara ikawa tupu, na hapo hasira ikanirudia upya. Nikamwambia yote tena, kwa sauti, nikiendesha. Nilimwambia vidole viwili tu, mzee, vidole viwili, na ungekuwa unapanda hii baiskeli Krismasi. Nilimwambia ningevua kile kiatu Ahero, siku ya kwanza, ungenipiga ungenipiga. Nililia pia. Hakuna aliyenisikia isipokuwa mguu wake.

Nyumbani Calvince alikuwa amengoja na jembe, na Mzee Ouma wa jirani alikuwa amekuja kusimamia. Shida ikaanza. Ouma alisema mkwe hasogei kaburini kwa wakwe. Calvince akasema hili si kaburi, mwenyewe yuko Kisumu anakula uji. Ouma akauliza kama si kaburi ni nini. Wakabishana kwa muda mrefu, na mimi nimeshika katoni. Hatimaye nikampigia mzee nikaweka simu kwa sauti.

"Wacheni fundi," sauti ikatoka. "Yeye ameuona kuliko nyinyi wote. Achimbe kulia kwa mama, ile nafasi yangu. Lakini chini, pale miguu itakuwa. Sitaki kuutafuta."

Ouma akavua kofia. Nikapima kwa hatua kutoka kwenye msalaba wa mama mkwe, nikachimba hadi kiunoni, Calvince akinipokea udongo. Nikaiteremsha katoni kwa mikono miwili.

"Umeweka?" mzee akauliza.

"Nimeweka, Baba."

"Imelala vizuri?"

"Vizuri."

Nilisikia vyombo vya chakula vya wodini nyuma yake, na Debra akimwambia kitu.

"Basi," akasema. "Hiyo mguu imefika nyumbani. Mimi nimebaki, na mimi sina haraka."

Nikakata simu, nikachukua jembe, nikafukia.